Wimbo wa Jumuiya: ulivyochaguliwa, na kazi inayoingoja Arusha

Mashindano ya nyimbo baina ya mataifa yamezoeleka kuhesabiwa kuwa mambo ya Ulaya, kwa sababu shindano mashuhuri kuliko yote, Eurovision, lilizaliwa huko mwaka 1956 katika mji wa Lugano nchini Uswisi, na hadi leo hufuatiliwa na watazamaji wa televisheni katika mabara mengi. Hata hivyo, Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya kutafuta utungo mmoja utakaosimama kwa niaba ya nchi nyingi, na historia hiyo ilifikia kilele chake jijini Arusha tarehe 3 Desemba 2010, pale Mkutano wa Kawaida wa 12 wa Wakuu wa Nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoupitisha wimbo "Jumuiya Yetu", uliotungwa na John Mugango wa Uganda, kuwa wimbo rasmi wa Jumuiya. Makala haya yanachambua namna wimbo wa aina hiyo unavyopatikana, sababu zilizoufanya ukubalike na nchi tano zilizokuwa wanachama wakati huo, zenye lugha na historia tofauti, na pengo lililobaki kati ya wimbo huo na wananchi wanaoishi chini ya Mlima Meru, jirani kabisa na makao makuu ya Jumuiya.

Njia mbili za kumpata mshindi

Katika Eurovision, kila nchi huwakilishwa na shirika lake la utangazaji, na shirika hilo ndilo linaloamua njia ya kuupata wimbo: baadhi huandaa shindano la ndani ambamo watunzi wengi hupimwa na majaji pamoja na watazamaji, na baadhi humteua msanii wao ofisini kisha kumtangaza. Baada ya hapo nchi hukutana jukwaani, nyimbo zikiwa hazizidi dakika tatu kila mmoja, na kila nchi hugawa alama kwa nyimbo za wenzake, kwa sharti kwamba hairuhusiwi kujipa alama yenyewe. Kwa utaratibu uliotumika tangu mwaka 1975, wimbo uliopendwa zaidi na nchi fulani hupewa alama 12, unaofuata 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Uamuzi wa kuhesabu alama una matokeo mawili: wimbo unaweza kushinda hata kama nchi kadhaa zimeudharau, mradi zipo nyingine zilizoupenda mno, na tena inawezekana hesabu zikagongana, kama ilivyotokea mwaka 1969, kabla ya utaratibu huo wa 1975, ambapo nchi nne, yaani Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa, zilitangazwa kuwa washindi kwa pamoja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilishindanisha tungo kutoka nchi wanachama, lakini haifanyi uamuzi kwa alama. Mkataba wake, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unaelekeza kwamba maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi yafikiwe kwa maafikiano, yaani kwa namna ambayo hakuna nchi mwanachama inayobaki ikipinga. Kabla jambo halijafika kwenye ngazi hiyo, hupita kwanza kwa wataalamu wa nchi wanachama na Sekretarieti, ambayo ndiyo ofisi ya utendaji, kisha kwa Kamati ya Uratibu inayoundwa na makatibu wakuu wa wizara zinazohusika na masuala ya Jumuiya, kisha kwa Baraza la Mawaziri, na katika kila ngazi nchi moja inaweza kulirudisha nyuma. Kwa mfumo kama huo, utungo unaoshinda si lazima uwe ule uliowasisimua wachache kupita kiasi, bali ni ule ambao hapana anayeona sababu ya kuukataa.

Dalili za maafikiano hayo zinaonekana ndani ya wimbo wenyewe. Ubeti wa kwanza ni sala ya kumwomba Mungu ailinde Jumuiya na kuwajalia watu wake amani. Ubeti wa pili unahimiza uzalendo, mshikamano, uhuru na utunzaji wa mila. Ubeti wa tatu unawaita wananchi kwenye kazi, viwandani na mashambani. Na kiitikio kinasisitiza wajibu wa kila mmoja kuilinda Jumuiya hiyo. Hautaji mlima wowote, hautaji ziwa, hautaji shujaa wala nchi, na jina pekee la mahali lililomo ni Afrika Mashariki. Msomaji anayeutazama kwa jicho la kishairi anaweza kuuona kuwa umepungukiwa na picha, lakini ukimya huo una faida yake, kwa kuwa mtunzi angetaja Kilimanjaro ingembidi ataje na Mlima Kenya, Ruwenzori na volkano za Virunga, na wimbo ungegeuka orodha ya mipaka ambayo Jumuiya iliundwa ili kuipunguzia makali.

Uzoefu wa nchi moja moja

Nchi wanachama hazikuingia kwenye kazi hiyo mikono mitupu, kwa maana kila moja ilikuwa na uzoefu wake wa kutafuta wimbo wa taifa, na uzoefu huo haukufanana. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilichukua muziki uliokuwa umekwisha kuvuka mipaka, ule uliotungwa na Enoch Sontonga nchini Afrika Kusini mwaka 1897, ikauwekea maneno ya Kiswahili. Muziki huohuo unatumika katika wimbo wa taifa wa Zambia na katika sehemu ya wimbo wa Afrika Kusini ya leo. Kenya mwaka 1963 iliikabidhi kazi hiyo kwa tume ya wanamuziki watano, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, nao wakaujenga wimbo wao juu ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa bonde la Mto Tana, na kuuandikia maneno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Uganda ilifuata njia ya ushindani. Kuelekea uhuru wa mwaka 1962, kamati maalumu ilikaribisha tungo kutoka kwa umma, na utungo wa George Wilberforce Kakoma ndio uliochaguliwa, ukiwa miongoni mwa nyimbo fupi kabisa za taifa duniani. Miaka mingi baadaye Kakoma alikwenda mahakamani kudai haki zake za mtunzi, akieleza kwamba malipo aliyopewa hayakulingana na matumizi ya kazi yake, na kesi hiyo inakumbusha jambo ambalo waandaaji wa mashindano ya nyimbo hulisahau mara kwa mara: hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtunzi juu ya kazi yake, inapaswa kuandikwa na kukubaliwa kabla mshindi hajatangazwa, kwa sababu baada ya hapo wimbo huwa mali ya taifa zima kwa hisia, ingawa kwa sheria unaweza kuwa bado wa mtu mmoja.

Rwanda, kwa upande wake, iliubadilisha wimbo wake wa taifa kuanzia tarehe 1 Januari 2002, ikichukua maneno ya Faustin Murigo na muziki wa Jean-Bosco Hashakaimana wa bendi ya jeshi, kwa hoja kwamba wimbo wa zamani ulibeba mgawanyiko wa kikabila ambao nchi ilitaka kuuacha nyuma. Sudan Kusini nayo, iliyojiunga na Jumuiya baadaye, ilishindanisha tungo kabla ya uhuru wake wa tarehe 9 Julai 2011, na ushindi ukaenda kwa kundi la Chuo Kikuu cha Juba. Mifano hii, ikiwekwa pamoja, inaonyesha kuwa kuazima, kuunda tume na kushindanisha ni njia tatu zilizokwisha kujaribiwa katika ukanda huu, na kwamba njia ya ushindani huvutia hasa pale serikali inapotaka kuonekana kuwa wimbo umetoka kwa wananchi wenyewe.

Ipo pia sababu ya kimuundo iliyorahisisha kupatikana kwa utungo wa pamoja. Nyimbo za taifa za nchi tatu waanzilishi, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, zote huanza kwa kumwomba Mungu, tofauti na zile za Rwanda na Burundi ambazo huanza kwa kuisifu nchi yenyewe. Wimbo wa Jumuiya umeunganisha desturi hizo mbili kwa kuanza na sala na kuendelea na uzalendo, kiasi kwamba mwananchi wa nchi yoyote kati ya hizo tano, akiusikia kwa mara ya kwanza, anakutana na mpangilio wa mawazo aliokwisha kuuzoea tangu shule ya msingi.

Lugha iliyoamua matokeo

Tatizo kubwa la wimbo wa mataifa mengi ni lugha. Baraza la Ulaya liliuchagua mwaka 1972 muziki wa sehemu ya mwisho ya simfonia ya tisa ya Beethoven kuwa wimbo wake, na viongozi wa Jumuiya ya Ulaya, ambayo sasa ni Umoja wa Ulaya, wakaukubali mwaka 1985, lakini shairi la Kijerumani la Schiller ambalo Beethoven alilitumia liliachwa nje, na hadi sasa wimbo huo rasmi hupigwa bila maneno ili lugha ya nchi moja isionekane kupewa ukuu juu ya nyingine. Eurovision nayo imeyumba katika suala hilohilo: kati ya mwaka 1966 na 1972, na tena kati ya mwaka 1977 na 1998, kila nchi ililazimika kuimba kwa lugha yake, na sharti hilo lilipoondolewa Kiingereza kikatawala jukwaa kwa miaka mingi.

Afrika Mashariki ilikuwa na kitu ambacho Ulaya ilikikosa. Kiswahili si lugha ya kabila kubwa lolote linalogombea madaraka katika nchi wanachama, kinazungumzwa kuvuka mipaka yote, na Ibara ya 137 ya Mkataba, ambayo awali ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa. Hivyo ofisi za Arusha ziliendelea kuandika taarifa zake kwa Kiingereza wakati wimbo wake ukiimbwa kwa Kiswahili, na kwa miaka zaidi ya kumi wimbo huo ulikuwa miongoni mwa mambo machache ya Jumuiya yaliyomfikia mwananchi kwa lugha anayoielewa, mpaka mwaka 2021 viongozi walipoamua kuvipa Kiswahili na Kifaransa hadhi ya lugha rasmi.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba utungo ulioshinda ulitoka Uganda, nchi ambayo Kiswahili kimepita humo katika njia yenye miiba, kikihusishwa kwa muda mrefu na kambi za jeshi, na kikaingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005 tu. Kwamba Kiswahili cha wimbo huo hakikutoka Zanzibar wala Mombasa, ni ushahidi kwamba lugha hiyo imekwisha kuwa mali ya watu walio mbali na pwani, na kwamba shindano la haki linaweza kumpa ushindi mtu ambaye mazoea yasingemtarajia.

Mizani ya wimbo na kivuli cha Sheikh Amri Abeid

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini katika uwanja wa michezo wa Arusha unaoitwa kwa jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri katika serikali ya Tanganyika, aliyefariki dunia mwaka 1964. Kwa wapenzi wa fasihi, Sheikh Amri Abeid anajulikana zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri", ambamo aliweka wazi kanuni za vina, yaani silabi zinazofanana sauti katika mistari, na mizani, yaani idadi ya silabi katika kila mstari. Ni jambo lenye maana, hata kama halikupangwa, kwamba Jumuiya iliyokuja kuimba kwa Kiswahili ilizaliwa katika uwanja wenye jina la mtu huyo.

Wimbo wa Jumuiya ukipimwa kwa kanuni hizo, unaonekana kuwa umekaa kati ya mapokeo mawili. Beti zake zina mistari minne minne, kama ilivyo katika tenzi na mashairi mengi ya pwani, lakini mizani yake haikufuata 8 za utenzi wala 16 za shairi la kawaida; mistari mingi ina mizani 10 au 11, na vina havikuzingatiwa kikamilifu kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Mshairi wa kimapokeo angeweza kuuhesabia hilo kuwa ni kasoro. Hata hivyo, wimbo wa kuimbwa na umati huongozwa na muziki kuliko vina: sentensi zake ni fupi, kila mstari unabeba wazo lililokamilika au linaloelekea kukamilika, na maneno yake ni yale yanayofahamika na mtoto wa darasa la nne, ndiyo maana yanaweza kutamkwa bila kukwama na Mrundi, Mnyarwanda au Mwacholi aliyejifunza Kiswahili ukubwani.

Arusha yenye kwaya nyingi

Wimbo huo ni mkubwa kwa umri kuliko jengo lenyewe la makao makuu, kwa sababu ulipopitishwa Sekretarieti ilikuwa bado katika kituo cha mikutano cha kimataifa cha AICC, na makao makuu mapya yalizinduliwa Novemba 2012. Tangu wakati huo umepigwa katika mikutano ya wakuu wa nchi, katika vikao vya Bunge la Afrika Mashariki, na katika hafla rasmi za nchi kadhaa wanachama, mara nyingi ukifuata wimbo wa taifa wa mwenyeji. Nje ya kumbi hizo, hata hivyo, nafasi zake ni chache. Dereva wa daladala anayepita kila siku karibu na jengo hilo, mama muuza ndizi wa Tengeru na kijana anayepandisha watalii Mlima Meru hawana pa kuukuta mara kwa mara, na wimbo hauwezi kukaa kinywani mwa mtu asiyepata pa kuuimba.

Hali hiyo inashangaza zaidi ikikumbukwa kuwa eneo la Meru ni miongoni mwa maeneo yenye mapokeo imara ya kwaya nchini Tanzania. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walianza kazi ya kudumu Nkoaranga, kwenye miteremko ya mlima, mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904, na pamoja na shule na zahanati wakaacha desturi ya kuimba kwa sauti nne na kusoma nota za solfa, yaani mfumo wa kuandika muziki kwa herufi zinazowakilisha do, re, mi na wenzake. Desturi hiyo ilikutana na uimbaji wa Wameru, Waarusha na Wamaasai, ambamo kiongozi hutangulia na kundi likajibu kwa sauti zilizopangana, na kutokana na makutano hayo zimezaliwa kwaya zinazojaza makanisa ya jiji na vijiji vyake kila Jumapili. Huko Usa River, chuo kikuu cha Makumira ni kati ya vyuo vichache nchini vilivyofundisha muziki hadi kiwango cha shahada.

Kwaya hizo zinaujua ushindani vizuri. Katika mashindano ya uimbaji ya makanisa, kwaya zote hupewa wimbo mmoja wa shindano, mwalimu wa kwaya huugawa kwa soprano, alto, tena na besi, kila sauti hukaririshwa peke yake jioni baada ya jioni mpaka ishike, kisha majaji hupima matamshi, ulinganifu wa sauti, mwendo na utii kwa nota. Kinachopatikana mwishoni si mshindi peke yake, maana hata kwaya iliyoshika nafasi ya mwisho hurudi kijijini ikiwa inaujua wimbo ule kikamilifu, na mara nyingi huendelea kuuimba. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya shindano la kuutafuta wimbo na shindano la kuuimba: la kwanza humfikia mtunzi mmoja, la pili huwafikia maelfu ya waimbaji.

Wanachama wapya na shindano linalohitajika

Tangu mwaka 2010 Jumuiya imepanuka. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ilikubaliwa katika mkutano uliofanyika Arusha Novemba 2023 kabla ya kuwa mwanachama kamili mwaka 2024. Nchi hizo tatu hazikupata nafasi ya kupeleka utungo, na upo uwezekano wa kuzuka hoja kwamba wimbo utafutwe upya ili nazo zisikike. Hoja hiyo ina uzito wa kisiasa lakini ina udhaifu wa kivitendo, kwa sababu wimbo wenyewe, kwa kutotaja nchi yoyote, haukumfungia nje mwanachama yeyote, na kwa sababu Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za kitaifa za Kongo na kina wazungumzaji katika pwani ya kusini ya Somalia. Kuurudisha uwanjani kungewarudisha wakuu wa nchi nane kwenye maafikiano magumu kuliko yale ya watano, na kungeuondoa wimbo kabla haujazoeleka kwa wale waliokuwa nao tangu mwanzo.

Upo pia ushahidi wa kihistoria unaoelekeza mahali pa kuweka nguvu. Utangulizi wa Mkataba wa mwaka 1999, unapoeleza sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, unataja kukosekana kwa utashi thabiti wa kisiasa, mgawanyo wa manufaa usio sawa, na pia ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia katika shughuli za ushirikiano. Wimbo unaofahamika kwa wajumbe wa mikutano kuliko unavyofahamika kwa wananchi unarudia kasoro hiyohiyo kwa njia ya muziki, na dawa yake haihitaji fedha nyingi wala marekebisho ya sheria.

Kinachohitajika ni shindano la pili, safari hii la kuuimba wimbo badala ya kuutunga, ambalo kila nchi mwanachama ingeteua kwaya yake kuanzia ngazi ya shule na kata hadi taifa, kisha kwaya hizo nane zikakutana Arusha. Kenya imeonyesha tangu mwaka 1927, kupitia tamasha lake la muziki linaloshirikisha shule, kwamba utaratibu wa namna hiyo unaweza kudumu vizazi kadhaa. Wizara zinazosimamia elimu na utamaduni, Sekretarieti ya Jumuiya, na walimu wa kwaya wa Arusha na Meru wana kila sababu ya kulianzisha, na walimu hao hawana haja ya kusubiri barua kutoka ofisi yoyote: nota zikishapatikana, sauti nne wanazo tayari, na wimbo uliopitishwa katika jiji lao unastahili kuimbwa kwanza na wakazi wake.